Hilo Lataka Udi

Mimi ni mtu wa kusikia nusu. Mamangu amenisema kwa hilo tangu nikiwa msichana: "Wewe wasikia nusu, nusu wajitungia." Nilikuwa nikinuna siku nzima. Sasa nimepita miaka arubaini na mitano, nafundisha watoto wa chekechea kule Tononoka, nina binti aliyeolewa, na nakiri mbele ya mtu yeyote kwamba mama alisema kweli. Ushahidi nimeutundika ukutani sebuleni: gitaa la besi lisilo na chuma hata kimoja shingoni.

Lakini siwezi kuanza na gitaa. Lazima nianze na baba.

Babangu alikuwa mpigaji udi. Hakuwa mtu wa kujulikana huko nje, alikuwa wa mtaani, wa harusi za jamaa na majirani wa Mji wa Kale. Siku za kazi alikuwa karani bandarini, na kukiwa na harusi alikuwa mtu mwingine kabisa. Mama ndiye aliyekuwa akiimba. Kwenye sherehe za wanawake, baba na wenzake walikaa nyuma ya pazia, mama akakaa mbele na wanawake wenzake, hawaonani hata kucha, na bado alimfuata kila alikokwenda. Mama akipanda, udi wapanda. Akilishika neno moja akaligeuza na kulizungusha, udi wamngoja pale pale.

Kasoro ya baba ilikuwa moja. Kwenye ubeti wa mwisho alifanya haraka. Basi tukirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimeshika buibui la mama, mama huanza: "Leo ulinitangulia." Na baba, aliyekuwa mbele na udi wake kwapani, hujibu bila kugeuka: "Vichochoro vyenyewe hivi, bibi, hatuenei wawili. Mmoja lazima atangulie." Mama huteka. Sisi watu wa Mvita hatucheki, twateka. Maneno yale yale kila harusi, na kila mara aliteka kana kwamba ndiyo kwanza ayasikia.

Besi nilijifunza kwa bahati. Kikundi cha baba kilikuwa na gitaa la besi, na mwenye kulipiga alikuwa bingwa wa visingizio. Leo mguu, kesho mgeni, kesho kutwa mvua. Akikosekana kwenye mazoezi nyumbani kwetu, baba aliniita: "Ndoo hapa, ushike besi." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mikono mifupi, nyuzi zanikata vidole. Nilipenda sana. Nilipenda kwamba hakuna aliyenitazama, na nikinyamaza tu wote wageuka kuuliza kumetokea nini.

Baba alifariki miaka minane iliyopita. Udi wake ami yangu aliuomba uwe ukumbusho, mama akampa, naye akaondoka nao kwenda Maskati. Mimi nilikasirika, na mpaka leo nikiona picha yake kwenye simu hasira hunirudia. Mama alikaa eda, akamaliza, akaendelea na maisha yake, ila kuimba hakuimba.

Aliwahi kujaribu mara moja. Ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani, na siku hizi hakuna wapigaji, kuna kinanda cha umeme chenye kila kitu ndani. Mama akashika maikrofoni. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili akaanza kutoka nje ya sauti, kidogo, halafu zaidi, mpaka kinanda kikawa chaenda kwake na yeye aenda kwake. Wasichana wawili mbele yangu wakatazamana, mmoja akaziba mdomo na leso. Mama hasikii, lakini mato anayo, aliwaona. Aliweka maikrofoni chini taratibu, akasema, "Basi, inatosha," akarudi kukaa. Tangu siku hiyo hakuimba hata akipika.

Hapo ndipo tulipojua kwamba masikio yalikuwa yakimtoka. Hakusikia tena kengele ya mlango. Hakusikia birika likipiga mbinja. Watoto wangu wakimsemesha alitazama midomo. Lakini lori likipita barabara kuu, yeye alikuwa wa kwanza kusema, "Hilo limebeba mzigo mzito." Daktari akanieleza kwamba uzee huanza kula sauti nyembamba, zile nene hubaki, na kwamba hizo nene nazo zitafuata. Nikamuuliza lini. Akasema hawezi kuniambia, mwaka, miaka miwili, kila mtu na masikio yake.

Mwaka jana binti yangu akaposwa. Kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa dhahabu wala ukumbi. Alimwendea bibi yake, akakaa miguuni pake, akamwambia karibu na uso: "Bibi, siku yangu uniimbie. Wimbo mmoja tu."

Mama akamtazama. "Niimbe na nani? Na ile mashine? Siisikii. Nikaaibike mara ya pili?"

Binti yangu akanyanyuka, machozi yamemlenga. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikasimama pale pale. Sauti nyembamba zimepotea, nene zimebaki. Nene! Besi ni nini kama si sauti nene? Nikaliweka sinia chini nikatoka bila hata kunywa chai. Nilitaka mamangu aimbe tena kabla masikio hayajafunga kabisa, na kwa mara ya kwanza nilijua la kufanya.

Kwenye kioo cha duka la kutoa fotokopi karibu na shule yetu palikuwa na karatasi imebandikwa: besi inauzwa. Nilikuwa nimeipita wiki mbili. Nikapiga simu, nikaelekezwa nyumba si mbali na uwanja wa Tononoka. Mwenye besi alikuwa mzee wa bara, mstaafu wa reli, mrefu, mpole, ana kikohozi cha sigara. Alinitazama mimi na buibui langu, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja.

"Mumeo ndiye anapiga?"

"Mume wangu hajui hata kupiga mluzi," nikamwambia. "Napiga mimi."

Alicheka mpaka akakohoa, akanikaribisha. Besi ilikuwa ya zamani, rangi ya kahawia iliyobanduka pale mkono unapolalia, shingo ndefu na ubao wake mweupe. Aliwahi kuipiga hotelini kwa miaka mingi, halafu kanisani, sasa vidole vimekufa ganzi. Akanionyesha vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, freti, vyuma ishirini, vyote vinang'aa. "Hizi ni mpya, mwalimu. Niliziweka mwenyewe. Hapa hutagusa kitu mpaka uzeeke." Nikaijaribu kwenye spika yake ndogo. Vidole vilikumbuka. Nilipiga mzunguko wa wimbo mmoja wa zamani wa mama na yule mzee akafumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Imepata mtu."

Tulielewana bei, besi pamoja na ile spika ndogo. Akanipa na mfuko wake bure, mfuko mweusi wa kitambaa kinene ulioandamana na besi hiyo kwenye mabaa yote ya pwani. Mimi wiki ile nilikuwa na mafua. Watoto wa chekechea hunipa mafua kila muhula kama zawadi. Kwa hivyo mfuko ule kwangu ulikuwa mfuko tu.

Nikaubeba mgongoni nikapita Marikiti, maana nilihitaji nazi. Mpagazi mmoja mwenye mkokoteni wa viazi akanipigia kelele: "Mama, huyo papa umemvua wapi?" Nikamjibu, "Tononoka! Nenda, wako wengi!" Watu wakacheka, nami nikateka na pua yangu iliyoziba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu baba alipokufa.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Nilimkalisha mama kwenye kitanda chake, nikaweka spika sakafuni, nikaiegemeza besi mguuni pake ili mtetemo umfikie. Nikapiga sauti moja. Mato yakamfunguka. "Hiyo naisikia," akasema. Nikapiga nyingine. "Na hiyo." Alikuwa kama mtoto aliyepewa kitu asichokitaraji. Nikaanza wimbo wake mmoja, ule anaoupenda, polepole. Alitikisa kichwa kwa mahadhi, midomo inachezacheza, mpaka tulipofika mahali fulani katika kiitikio. Hapo uso ukajikunja.

Nilijua ni kwa nini. Nyimbo zile za zamani zina sauti zinazokaa baina, si hii wala si ile, katikati. Sauti ya mtu hufika hapo. Udi hufika, kwa sababu shingo ya udi haina vyuma, kidole chashuka kitakapo. Gitaa lina freti, na freti ni kama tuktuk inayokataa kukushusha mlangoni kwako, mpaka steji tu. Kila nilipofika pale, besi ilimshusha mama mbele kidogo ya nyumba yake au nyuma kidogo. Nilikuwa nikiliwaza jambo hili usiku na mchana tangu siku ya kununua.

Nikaacha kupiga. Nikamwinamia: "Mama, vipi?"

Alikunja pua, akalitazama gitaa, akasema: "Hilo lataka udi."

"Kweli, mama?"

"Kweli. Tena mapema, kabla ya watu kuya. Babako angelifanya siku ile ile."

Mtu mwingine angeuliza swali la pili. Mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni. Lataka udi! Mama mwenyewe, na masikio yake hayo, amesikia kile kile nilichokisikia: gitaa lataka liwe kama udi. Lataka shingo tupu.

Kuna fundi wa mbao vichochoro viwili kutoka kwetu, anatengeneza masanduku na viti na kukarabati milango ya watu. Nililiweka gitaa juu ya meza yake nikamwambia ang'oe freti zote, ajaze nyufa, asawazishe ubao. Akapitisha kidole shingoni, chuma kwa chuma.

"Mwalimu, hivi ni vipya."

"Najua."

"Ukiving'oa havirudi kama vilivyokuwa."

"Najua, fundi."

"Una hakika?"

Aliniuliza mara tatu, Mungu ni shahidi wangu, na mara tatu nikasema nina hakika, ya tatu kwa sauti ya darasani. Basi akawasha chuma cha kutilia lehemu. Alikiweka juu ya freti mpaka ikapata moto na gundi ikalegea, halafu akaingiza koleo ndogo chini yake akaisukuma pole pole, kwa huruma, kama anayetoa mwiba. Kila moja ilitoka na mlio mdogo, tak. Mara ishirini. Nilizikusanya kwenye mkebe wa kahawa. Nyufa akazijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akangoja ukauke, akapiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ubao ukawa laini kama shavu. Mistari hafifu ikabaki kuonyesha freti zilikokuwa. Vanishi hakutia. Alisema: "Kwanza kalijaribu. Ukiridhika ulete." Naona hata yeye alikuwa na shaka zake.

Siku ya tatu nikalirudisha nyumbani. Mafua yalikuwa yameisha. Nilipofungua ule mfuko kuliweka ndani nilihisi harufu, nikajiambia ni vanishi ya dukani kwa fundi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Mama alikuwa kitandani, anapanga nguo. Nikamwekea besi mapajani kwa majivuno, kama mtoto aliyeleta cheti. Akapitisha kiganja shingoni. Kikaenda, kikarudi.

"Vyuma viko wapi?"

"Nimeving'oa!"

"Kwa n'ni?"

"Si ulisema lataka udi?"

Akanitazama midomo, akidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. Akasema, kila neno peke yake: "Udi wa kuvukiza, mwanangu. Udi wa chetezo! Hilo gitaa lalikuwa lanuka. Lanuka sigara, lanuka tembo la walevi, siku nzima limelala humu chumbani kwangu ninaposalia. Babako hakutoa chombo kwake, hakuingiza chombo kwake, bila ya kukifukiza. Wewe huna pua?"

"Nilikuwa na mafua," nikasema.

Nikakaa sakafuni. Udi wa moshi. Kipande cha mti juu ya kaa la moto, dakika tano, kazi imekwisha. Na mimi nimeng'oa freti ishirini mpya zilizowekwa na mzee wa watu kwa mikono yake, zimebaki wiki mbili harusi, na gitaa lisilo na freti sijawahi kulipiga maishani. Nikaona aibu, halafu aibu ikageuka hasira kama kawaida yangu, nikapaza sauti: "Na wewe kwa nini husemi maneno kamili? Udi, udi! Udi gani?"

"Usinipigie kelele," mama akasema. "Kiziwi n'mimi. Asiyesikia n'wewe."

Halafu akateka. Alianza mabegani, bila sauti, halafu ikamshinda, akajilaza juu ya nguo zake, anajipangusa mato na kanzu, anajaribu kusema na hawezi. "Kaving'oa... vyote... kwa ajili ya harufu!" Nilikuwa nalia, na nikajikuta nateka pamoja naye, sakafuni, nimeshika mguu wake. Sikuwa nimemwona akiteka hivyo tangu baba afe. Binti yangu akaja mbio akidhani kuna msiba.

Alipotulia, mama akaamuru chetezo. Nikaleta makaa, akatia udi mwenyewe, akanishikisha gitaa juu ya moshi, mbele na nyuma, kila pembe, kama tufukizavyo nguo za biarusi. Ule mfuko alisema hautatibika, ukatolewa nje siku hiyo hiyo. Kisha akajifuta mikono, akarudi kitandani.

"Haya. Piga."

"Sijui kulipiga hivi, mama."

"Piga nisikie."

Nikapiga. Ilikuwa balaa tupu. Kila sauti ilitoka pembeni, paka angesikia haya. Mama akaweka kiganja juu ya mwili wa gitaa, akafumba mato.

"Umepita. Rudi."

Nikarudi.

"Umerudi mno. Panda unywele. Unywele, sikusema kamba! Hapo. Kaa hapo."

Ndivyo tulivyofanya kila siku baada ya shule, alasiri kwa alasiri. Sauti za kawaida nilizipata upesi, maana mistari ya freti za zamani ilinionyesha njia. Tabu ilikuwa zile za baina, ambazo hazina mstari. Siku ya tano nikakasirika nikataka kuliacha. Nikamwambia, "Hiyo unayoitaka siijui iko wapi." Na mama, kwa kukosa njia nyingine ya kunieleza, akanionyesha kwa mdomo. Aliivuta sauti ile, laini, imechakaa kingo, kutoka chini mpaka ikakaa mahali pake.

Nilisahau kuwa nina kidole. Sauti hiyo sikuisikia tangu baba afe. Nilitamani kumwambia, nikaogopa nikimwambia ataacha. Nikainamisha kichwa nikasogeza kidole pole pole kuifuata, na besi ikakutana naye pale pale, katikati, mahali ambapo zile freti zisingenifikisha hata nikiomba. Kiganja chake kikatulia juu ya mbao.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo babako akikaa."

"Nitapasahau kesho."

"Hutapasahau. Niletee hina."

Mama alikuwa mpakaji hina hodari zamani. Nikaenda Marikiti nikanunua ya unga, akaikoroga kwa ndimu na chai ya rangi, na kwa njiti ya kiberiti akatia nukta ndogo kwenye ule ubao mweupe usio na vanishi, kila pale sauti za baina zilipo. Nukta saba. Tukaziacha mpaka asubuhi, tukakwangua, zikabaki nyekundu iliyoiva. Binti yangu alipoona alishika kiuno: "Ati gitaa limepakwa hina kabla yangu? Basi nani anaolewa hapa?" Nilipompelekea fundi atie vanishi juu yake, aliziinamia zile nukta kwa muda, akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ya mamangu. Akasema mkono huo hautetemeki.

Siku ya sherehe ya wanawake ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, katika ukumbi mdogo. Mama aliketi kiti cha mbao. Mimi nikaketi kando yake, mbele ya watu wote, hakuna pazia. Ile spika niliilaza sakafuni, na mama akavua viatu vyake akaweka nyayo zote mbili juu yake. Kuna waliotazamana. Nilimwona mmoja wa wale wasichana wa siku ile ya kinanda, sasa mke wa mtu na mtoto mapajani. Nilimkazia macho mpaka akatazama chini. Mimi sisahau.

Nikaanza peke yangu. Mizunguko miwili, mitatu. Mama hakufungua mdomo. Mzunguko wa nne, na biarusi wetu pale juu ameacha kupepewa, ananitazama mimi. Jasho linanitoka chini ya buibui. Nikajiambia nimemtia mamangu aibuni kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikaona vidole vya miguu yake vikikunjika juu ya ile spika, na akaingia.

Sauti haikuwa ile ya zamani, nisiwadanganye. Pumzi ilikuwa fupi, maneno mengine aliyameza. Lakini hakutoka nje. Ilipokuja ile sauti ya kiitikio aliivuta kutoka chini, na mimi kidole changu kiko juu ya nukta ya hina kinamngoja, akafika, akakaa. Akaizungusha. Nikakaa naye. Akina mama wa makamo yake ndio walioanza vigelegele, halafu ukumbi wote, na mama, ambaye hakuvisikia, aliviona, akatabasamu na kuendelea. Beti nne. Kwenye wa nne hofu na furaha vilinichanganya, vidole vikaanza kukimbia, nikamaliza mbele yake kidogo. Binti yangu alikuwa analia na wanja wote unashuka.

Tulirudi kwa miguu, jua bado liko juu ya mapaa. Vichochoro vyetu ni vile vile. Mimi nilikuwa mbele, besi mgongoni katika mfuko mpya nilioushona mwenyewe, mama nyuma yangu ameshika ukuta. Tukakata kona ya msikiti.

"Leo ulinitangulia," mama akasema.

Nilisimama. Sikugeuka, kwa sababu sikutaka anione uso, na jibu lake nalijua tangu utotoni, nimeshika buibui lake. Nikataka kulisema, nikakumbuka kwamba asiponiona midomo hanisikii, sauti yangu ni nyembamba. Basi nikaishusha. Nikaishusha chini kabisa, mpaka ikawa nene, ikawa inanitetemea kifuani, ikawa si yangu.

"Vichochoro vyenyewe hivi, bibi," nikasema, "hatuenei wawili. Mmoja lazima atangulie."

Nikangoja. Nyuma yangu, mama akateka.